Nilihoji Jedwali, Sikumhoji Furaha

Atupele,

Mkuu wa idara ya hisabati katika shule anayosoma Furaha amesema leo saa nne na dakika kumi asubuhi, kwa simu, kwamba Furaha atapimwa upya Jumanne ya wiki ya kwanza ya muhula, na kwamba safari hii ataruhusiwa kutumia kalamu na karatasi na kueleza kwa mdomo. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamuuliza kama ameitazama ile video uliyowatumia. Akasema ameitazama mara mbili na ni ya kuvutia sana. Video hiyo imekaa kwenye barua pepe yake tangu Novemba. Mtu anayekaa wiki kumi na kitu cha kuvutia sana bila kukifungua anahitaji kitu kikali zaidi cha kumvutia, labda moto.

Nakuandikia kwa sababu umetoka tangu saa sita kutafuta vipimo vya korona, na kwa jinsi nilivyoona vibao kwenye madirisha ya maduka ya dawa hapa Mount Druitt, hutarudi kabla ya jioni. Mnaambiwa mjipime kabla ya kuingia darasani, na vya kujipimia havipo. Sababu ya pili ni kwamba ukiwa mbele yangu utanijibu, kwa Kiingereza, kama kawaida yako ukikasirika, nami nitakujibu kwa ukali, na treni ya kesho asubuhi itaondoka Penrith tukiwa katikati ya sentensi.

Sitakuandikia habari za kula, kulala, wala nani wa kumkwepa huko Dubbo unakokwenda kufundisha. Una miaka ishirini na tatu na shahada ya kufundisha hisabati. Nitakuandikia kosa langu, kwa sababu unakwenda kufanya kazi kwenye vyumba ambamo kosa hilo hufanywa kila siku na watu wenye vyeti, wakapongezana.

Mambo yalikwenda hivi.

Shule zilipofungwa mwaka jana na watoto wakahamishiwa kwenye skrini, wenye ile programu ya hisabati waliwaita waandishi kwenye mkutano wa mtandaoni. Msemaji wao alikuwa kijana aliyejiwekea rafu ya vitabu ya kuchorwa nyuma yake. Kila alipoinua mkono, vidole vilimezwa na vitabu. Alituonyesha jedwali: kila mtoto na mstari wake, kila mada na mraba wake, kijani, njano au nyekundu. Akasema, "Sasa mwalimu anaona jinsi mtoto anavyofikiri."

Niliiandika sentensi hiyo kwenye daftari na sikuiwekea hata alama ya kuuliza.

Nimefanya kazi hii ya uandishi wa habari miaka ishirini na miwili, kumi na sita nikiwa Mbeya. Nikiwa na umri kama wako, ofisa mmoja alinisomea kwenye karatasi yenye mhuri kwamba shule fulani ya milimani ina madawati arobaini. Nilikodi pikipiki, nikapanda, nikahesabu. Yalikuwa kumi na moja, na matatu hayakuwa na miguu. Msichana niliyekuwa siku zile angemtazama huyu mama wa Mount Druitt, aliyeketi jikoni na kikombe cha chai akinakili rangi, na angemcheka mpaka machozi.

Jumamosi ile nikasoma habari yangu kwenye kipindi chetu cha redio. Unakumbuka, maana ulizima sauti kabla sijamaliza. Nilisema jedwali linaonyesha ukweli mtupu. Nilisema nyekundu maana yake ni mtoto asiyejituma. Nikawashauri wazazi wawanyang'anye watoto simu na kuwasimamia. Niliyasema kwa ile sauti yangu ambayo wewe unaiita ya taarifa ya saa mbili. Sikuwa nimemwona mtoto hata mmoja akikokotoa.

Mama Furaha aliisikia akiwa ghalani, akifunga maboksi. Maghala hayakufungwa, sisi wengine tulijifungia ndani tukisubiri maboksi hayo. Wakati huo tulikuwa tunaruhusiwa kutoka kwa muda wa saa moja kwa siku kwa mazoezi, na yeye, kwa kuwa anakaa mitaa mitatu tu kutoka kwetu, alinipigia tukutane tutembee. Nakuandikia mazungumzo yetu kama yalivyokuwa, kwa sababu sijawahi kukusimulia. Nilikuambia tu kwamba amelalamika.

"Mama Atu," alisema, "ile mashini inasema mutoto yangu hajue kugawa."

"Inasema nini hasa?"

"Inasema mwekundu. Mwekundu, mwekundu, mwekundu. Sasa miye namupa hesabu kwa meza, anafanya yote. Nani iko muongo?"

"Labda unamsaidia bila kujua."

Alisimama katikati ya njia na kushusha barakoa ili nimwone vizuri. "Miye? Miye niliachia darasa ya ine! Namusaidia na nini, Mama Atu? Na maombi?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia jedwali halina sababu ya kudanganya.

"Mashini haina sababu," alisema. "Na mutoto, yeye iko na sababu gani?"

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa kwenye mkutano ule wa vidole vinavyopotea, na liliulizwa na mwanamke aliyekuwa ameshinda ghalani amesimama kwa muda wa saa kumi. Nikamrudishia ushauri wangu wa redioni. Akaufuata, kwa kuwa nilikuwa mwandishi wa habari na yeye ananiheshimu. Furaha alinyang'anywa simu wiki tatu. Hakuwa na kosa lolote zaidi ya mama kuniamini mimi.

Iliyobaki unaijua kunizidi, lakini nataka uione kutoka upande wa jikoni, nilikokuwa nimesimama.

Oktoba, tulipoanza kuruhusiwa wageni, Furaha alikuja nyuma ya nyumba. Ulipanga makopo mawili ya nyanya juu ya meza ya plastiki, ukalaza rula juu yake, ukaweka simu yako juu ya rula ikitazama chini kwenye karatasi. Ukamwambia agawanye na aseme anachofanya, kwa lugha yoyote. Mtoto wa miaka kumi na mitatu, aliyekuwa amejibu "sijui" shuleni miezi minne, akavuta pumzi, akachora mstari wa kusimama, akaandika 3264 kushoto na 24 kulia. Nilipoona ameweka namba ya kugawia upande wa kulia, nilisema moyoni: basi, kumbe jedwali ni la kweli, hata kuipanga hesabu hajui.

Akaanza. "Makumi tatu na mbili. Makumi mbili na ine inaingia mara moja. Inabaki munane. Nashusha sita, iko makumi munane na sita. Inaingia mara tatu. Inabaki kumi na ine. Nashusha ine, iko mia moja makumi ine na ine. Mara sita. Imeisha."

Mia moja thelathini na sita. Chini ya dakika moja. Kwenye karatasi palikuwa na mabaki tu; yale mazidisho aliyatoa kichwani, kama alivyofundishwa shuleni kwao Uvira, na kama wafanyavyo watoto wengi waliosoma kwa mpango wa Kifaransa. Ulinieleza baadaye kwamba programu ina visanduku, kila hatua na kisanduku chake. Palipotakiwa aandike 72 kwanza ndipo atoe, Furaha aliandika 14, kwa sababu 72 ilikuwa imeshapita kichwani mwake na kuondoka. Nyekundu. Akajaribu tena. Nyekundu. Katuni ya koala, yule mnyama wa huku, ikatokea ikipunga mkono na kumwambia ajitahidi. Baada ya wiki mbili programu ikaamua, kwa hekima yake, kumshusha kwenye hesabu za matofaa za watoto wa miaka minane. Akachoka, akaacha. Programu ikaandika kwamba hana moyo wa kujifunza.

Nakumbuka nilichokuambia nikiwa mlangoni. Nilisema, "Hiyo ni sinema. Hisabati haisimuliwi, inafanywa."

Hukuinua kichwa. Ulikuwa unafuta vumbi kwenye kioo cha simu. Ulisema, "Mama, kwa habari yako ile ulimhoji nani?"

"Nilihoji msemaji. Nilihoji shule."

"Shule walikutumia nini?"

"Jedwali."

"Kwa hiyo ulihoji jedwali."

Nimetukanwa na mawaziri, Atupele. Mfanyabiashara mmoja wa Tunduma aliwahi kunifungulia mbwa. Hakuna aliyenipiga mahali pale uliponipiga wewe.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikukuambia siku ile, kwa sababu nilikuwa sijakijua. Nilijua tu kwamba nimemkasirikia mtoto yule kuliko kosa lake, na mwandishi akijiona ana hasira isiyolingana na habari anapaswa kujichunguza.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa hisabati alitaka njia. Jibu bila njia lilikuwa sifuri. Mimi majibu yalikuwa yananijia upesi, na siku moja niliandika majibu kumi matupu, yote sahihi. Alisema nimenakili kwa jirani. Jirani yangu alikuwa amepata matatu. Hilo halikumsumbua. Nilisimamishwa mbele ya darasa mpaka kengele. Tangu siku hiyo nilipata jibu kwanza, kisha nikatunga njia: mistari mizuri, iliyonyooka, ambayo sikuipita hata hatua moja. Alinisifu. Aliwaonyesha wengine daftari langu. Kwa miaka thelathini nilifikiri pale nilijifunza nidhamu. Nilijifunza kughushi ushahidi ili mkaguzi aridhike.

Nilipowaza vile visanduku vya Furaha visivyojazwa kama vilivyotakiwa, nilimwona mtoto anayekataa kulipa nilicholipa mimi. Hiyo ndiyo iliyonifanya nisimame upande wa koala.

Ukaniomba nisahihishe habari redioni. Nikakuambia kipindi hakisahihishwi kwa sababu ya mtoto mmoja. Ulituma video shuleni mwenyewe. Wakajibu kwamba mfumo wao wa matokeo hauna mahali pa kuambatisha video. Kisha majina ya madarasa ya mwaka huu yakatoka, na Furaha akawekwa kundi la chini la darasa la nane. Mkuu wa idara mwenyewe amekiri kwangu kwamba anayeingia kundi hilo ni nadra kutoka, maana hesabu zinazofundishwa kundi la juu huko chini hazifundishwi, na kila mwaka pengo linakua. Wamemfungia mlango msichana kwa sababu ya kisanduku, na mimi niliwashikia kitasa.

Baada ya hapo tulikula chakula cha jioni kwa adabu, wewe na mimi, wiki nyingi. Kisha ukapata kazi Dubbo, mwendo wa saa sita na nusu kwa treni, wakati Blacktown na Penrith hapa jirani walikuwa wanatafuta walimu. Sikuulizi. Nimeshauliza maswali mengi maishani ambayo jibu lake nilikuwa nalo.

Hiki ndicho usichokijua. Mwezi wa Desemba, siku ulipokwenda Dubbo kutafuta nyumba, nilimwomba Furaha aje na kompyuta ya shule. Nilimwambia anionyeshe programu yenyewe. Nilichelewa miezi minne kupanda pikipiki, lakini nilipanda.

Aliniwekea hesabu za kugawanya. Nikajaza kisanduku cha kwanza, nikakosea. Nyekundu.

"Anti," akasema, "bonyeza tu mpaka iwe kijani."

"Namna gani?"

"Weka namba yoyote. Ukikosa mara tatu inakuonyesha. Unaandika ile iliyokuonyesha. Wote wanafanya hivo."

"Wote akina nani?"

"Darasa lote. Hata wale wa juu."

Nikafanya hivyo kwa dakika arobaini, nikiandika saa kwenye daftari. Niliingiza umri wangu, namba ya nyumba yetu, mwaka niliozaliwa. Sikukokotoa chochote. Nilimaliza mada nzima ya kugawanya kwa kijani tupu, nikapewa nyota tano, na koala akanichezea ngoma. Furaha alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Hiyo ndiyo mashine niliyowaambia wasikilizaji wangu kwamba inaona jinsi mtoto anavyofikiri. Iliniona mimi nikiwa sifikiri kabisa, ikanivika taji.

Nikamuuliza, "Sasa wewe kwa nini hukubonyeza kama wenzako?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kijinga, na lilikuwa la kijinga.

"Kwa sababu nilikuwa na jibu," akasema.

Nilimpigia mkuu wa idara siku iliyofuata. Wakafunga shule. Nilipiga simu tena wiki hii, walimu waliporudi, mara nne, na ya nne ilikuwa leo. Sikumpigia kama mama wala jirani. Nilimwambia nina daftari lenye saa na dakika, na nitasoma kilichomo redioni, na ningependa kuwa na maneno yake. Hapo ndipo barua pepe ya Novemba ilipofunguka yenyewe kwa miujiza.

Usidhani nimekuja kukuambia kwamba ubao na chaki vilikuwa bora. Wanaosema hivyo wamesahau mwalimu wangu. Alikuwa na chaki, na alikuwa jedwali lenye fimbo. Simu yako juu ya makopo ya nyanya ilifanya kitu ambacho yeye hakufanya na programu haikufanya: ilinyamaza ikasikiliza mpaka mtoto akamaliza. Huko Dubbo watakupa jedwali siku ya kwanza, lenye rangi nzuri, na mtu mwenye cheo atakuuliza kwa nini mstari fulani ni mwekundu. Mwambie utamuuliza mwenye mstari.

Na kwa kuwa nimejivua nguo mwenyewe, nina haki ya kukuvuta shati kidogo. Video uliyotuma shuleni ilikuwa ya tatu. Nilikuwa mlangoni, niliziona zote. Ile niliyokuandikia hapo juu, isiyo na doa, ndiyo ya tatu. Yale maneno yake ya kwanza hayapo tena. Katika ya kwanza Furaha alisema kwenye themanini na sita inaingia mara nne, akaandika, akasita, akanong'ona, "Hapana, itapita," akakata, akaandika tatu. Ulimwambia, "Turudie, iwe safi." Ukaifuta. Atupele, ile ndiyo ilikuwa habari. Pale ndipo mtoto alionekana akifikiri, na wewe ukaifuta ili mkaguzi aridhike. Sijui ulijifunza wapi. Nina wasiwasi ulijifunza kwenye nyumba hii, kwa mtu anayepanga mistari iliyonyooka.

Usifute ya kwanza. Huo ndio ushauri wangu wote.

Jumamosi hii saa tano asubuhi nitasoma sahihisho. Mtayarishaji wa kipindi ameniuliza ni nani atakayekumbuka habari ya mwezi wa nane. Nimemwambia Mama Furaha anakumbuka. Nimeandika hivi, na sitapunguza neno: "Mwezi wa nane nilisema kwenye kipindi hiki kwamba rangi nyekundu kwenye programu ya hisabati inamaanisha mtoto hajitumi. Si kweli. Sikuwa nimemwona mtoto yeyote akifanya hesabu niliposema hivyo. Mtoto mmoja aliadhibiwa kwa sababu yangu, na alikuwa na jibu." Kisha nitasoma daftari la dakika arobaini, pamoja na ngoma ya koala. Huko Dubbo unaweza kusikiliza kwa simu. Safari hii usizime kabla sijamaliza.

Jumanne kipimo kitakuwa saa tatu na nusu asubuhi. Mama Furaha amebadilishana zamu. Wazazi hawaruhusiwi kupita geti kwa sababu ya korona, kwa hiyo yeye na mimi tutasimama nje kwenye jua, na barakoa zetu, tukisubiri kama watu waliokuja kumpokea mgonjwa. Furaha ameniuliza jana aipange hesabu vipi, kama wao au kama kwao. Nimemwambia namba ya kugawia aiweke kulia, na akikosea akate mbele yao kwa mstari mmoja, kosa lisomeke, aendelee.

Atakupigia akitoka.

Mama